Fizi na Baraka: Dawa za TB zimeisha, kikohozi hakiishi. Kipimo cha damu kinaweza kusema nini juu ya kuvu kwenye mapafu?

Kando ya ziwa Tanganyika, kutoka Mboko mpaka Baraka, na ukipanda mpaka Fizi-centre, kuna neno ambalo watu wanalisema kwa urahisi sana: "TB imemrudilia." Mtu alimeza dawa miezi 6 yote, makohozi yakapimwa mwishoni na kukutwa safi, akaambiwa amepona. Mwaka mmoja ao miwili baadaye anaanza tena kukohoa. Anakonda, anachoka akipanda kilima kidogo tu, na siku moja anatema damu. Nyumbani sahani yake inawekwa kando, watoto wanakatazwa kulala karibu naye. Kwenye kituo cha afya makohozi yanapimwa: hakuna TB. Yanapimwa mara ya pili: hakuna. Hata hivyo, kwa kuwa muganga hana jibu lingine mkononi, mtu huyo anaweza kurudishwa kwenye dawa za TB.

Mara nyingi ni kweli, TB inarudi. Lakini si mara zote. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo sana, na unapenda kuingia kwenye mapafu yale yale ambayo TB iliyaharibu. Hauletwi na mikrobe ya TB, unaletwa na kuvu. Na kuna kipimo cha damu kinachoweza kusaidia kuutambua.

Kuvu hii ni ndugu ya ule ukungu ambao kila mama wa Baraka anaujua: ule wa kijani ao mweusi unaoota juu ya mihogo isiyokauka vizuri, kwenye ukuta wa udongo uliolowa, kwenye nyasi za paa la zamani. Wataalam wanaiita Aspergillus. Inatoa vumbi dogo sana, mbegu zake, zinazoruka hewani na jicho haliwezi kuziona. Kila mtu anazivuta kila siku, Fizi, Kinshasa, hata Ulaya. Mapafu mazima yanazisafisha bila mtu kujua. Shida inaanza pale ambapo pafu lina shimo.

TB inapokula pafu, inaweza kuacha shimo lisilozibika hata kama mikrobe yote imekufa. Ndani ya shimo hilo hakuna damu inayotembea vizuri, na askari wa mwili hawafiki kwa wingi. Mbegu ya kuvu ikiingia pale inapata nyumba. Inaota polepole, miezi na miaka, mara nyingine mpaka inafanya kitu kama mpira ndani ya shimo. Ukuta wa shimo unavimba, mishipa midogo inapasuka, na hapo ndipo damu inatoka kwenye kikohozi. Waganga wanasema ni aspagilosi sugu ya mapafu.

Jambo moja liseme mapema, juu linabadilisha maisha nyumbani: ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Anayekohoa juu ya kuvu pekee hawezi kumwambukiza mtoto wake. Sahani inayowekwa kando haimsaidii mtu yeyote.

Somo kutoka Gulu

Si jambo la Ulaya tu. Uchunguzi mkubwa unaojulikana zaidi katika eneo letu ulifanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wakaaji wa Fizi wanaweza kuielewa Gulu bila kuelezwa sana: ni fasi iliyopitia vita ya miaka mingi, watu walijaa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, na TB ikatembea kati yao.

Watafiti wa Uganda na wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walichukua watu 398 waliokuwa wamekwisha kutibiwa TB ya mapafu. Waliwauliza juu ya kikohozi, wakawapiga picha ya kifua, wakapima damu yao. Miaka miwili baadaye waliwapata tena watu 285 kati yao, wakawapima upya. Matokeo yalitoka mwaka 2019 katika gazeti la kitaalam la waganga wa mapafu wa Ulaya. Watu 14 kati ya 285, yaani karibu 5 kwa kila 100, walikuwa na ugonjwa huu wa kuvu.

Tano kwa mia inaweza kuonekana ni kidogo. Lakini namba hiyo inaficha nyingine. Kati ya waliokuwa na shimo kwenye picha ya kifua, 26 kwa 100 walikuwa na ugonjwa, zaidi ya mtu 1 kwa kila 4. Kati ya wasiokuwa na shimo, hawakufika hata 1 kwa 100. Na kila mwaka uliopita, kati ya wenye shimo, watu 6 ao 7 kwa 100 walikuwa wanaanza kuugua upya.

Waingereza walikuwa wamekwisha kuona jambo hilo zamani, wakati TB ilikuwa bado nyingi kwao. Katika miaka ya 1960 walifuata watu 544 waliobaki na shimo baada ya TB. Robo yao walikuwa na alama za kuvu kwenye damu. Halafu TB ikapungua kwao, na swali likasahaulika. Huku kwetu TB haikupungua. Kongo iko kwenye orodha ya OMS, Shirika la Afya Duniani, ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, walifanya hesabu ya magonjwa ya kuvu nchini, na kwa ule wa mapafu baada ya TB walifikia makumi ya maelfu ya watu. Ni makadirio, wagonjwa wenyewe hawajahesabiwa mmoja mmoja. Lakini mtu anaweza kujiuliza ni wangapi kati yao wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Damu inasema nini, na haisemi nini

Kuvu inapokaa muda mrefu kwenye pafu, mwili unatengeneza kingamwili, yaani askari wa kupigana na adui huyo mmoja. Kipimo kinawatafuta askari hao. Wakiwa wengi, ni alama kwamba mwili uko vitani na Aspergillus.

Kuna namna mbili za kupima. Ya kwanza inahitaji mashine na labo kubwa. Ya pili ni kipimo cha haraka, kinafanana na ile TDR ya malaria ambayo kila RECO anaifahamu: damu inachukuliwa kwenye mshipa, inaachwa itengane, maji yake yanawekwa tone moja kwenye kipande kidogo cha plastiki, na baada ya kama nusu saa mstari unatokea ao hautokei. Kipimo cha namna hiyo kilichotengenezwa Lyon, Ufaransa, kilijaribiwa Manchester, kikawatambua zaidi ya wagonjwa 9 kwa 10. Katika nchi nyingine kilikosea zaidi ya hapo, kwa hiyo si vizuri kukiabudu.

Hapa ndipo watu wanaweza kupotea. Kipimo hiki hakipimi kama nyumba ina ukungu. Hakipimi ni kuvu kiasi gani mtu amevuta. Mtu mwenye afya, anayepepeta unga kila siku, anaweza kuwa na kingamwili kidogo bila ugonjwa. Na mtoto anayekohoa kila mvua ikinyesha juu ukuta wa chumba umelowa, damu yake inaweza kuwa safi kabisa kwenye kipimo hiki, na ukuta bado ukawa unamuumiza.

Maana unyevu wa nyumba nao unaumiza, kwa njia nyingine. Mwaka 2009 OMS ilitoa mwongozo juu ya unyevu na ukungu ndani ya nyumba, ikasema wanaoishi humo wanapata zaidi kikohozi, pumu na shida ya kupumua. Dawa yake ni kukausha nyumba. Uingereza, Desemba 2020, mtoto wa miaka 2 wa wazazi waliotoka Sudan alikufa katika mji wa Rochdale, na jaji aliyechunguza kifo alisema mwaka 2022 kwamba ukungu wa nyumba ya kupanga ndio uliomuua. Kifo hicho kilileta sheria mpya juu ya wenye nyumba. Kwa mtoto kama huyo jibu liko kwenye paa na ukuta. Kwa mtu mzima aliyepona TB na kutema damu, kubadilisha nyumba peke yake hakutamponya, kwani kuvu iko ndani tayari.

Basi nani apimwe? Mwaka 2018 kundi la wataalam wa nchi mbalimbali lilikubaliana juu ya masharti manne kwa hospitali zisizo na vyombo vingi. Mgonjwa awe na kikohozi, damu ao kukonda kwa miezi 3 ao zaidi. Picha ya kifua ionyeshe shimo ao mabadiliko yanayoongezeka. Damu ao makohozi yaonyeshe kuvu. Na TB yenyewe iwe imetafutwa na kukosekana. Yote manne kwa pamoja. Kupima damu tu, bila picha, ni nusu ya jibu, na nusu ya jibu inaweza kumgharimu mgonjwa dola nyingi bure. Fizi inajua vizuri hali hiyo: watu wangapi "wametibiwa tifoide" juu ya karatasi moja ya labo?

Sharti la nne nalo lina mtego wake. Mashine ya GeneXpert, ambayo OMS iliipendekeza tangu mwisho wa 2010, inatafuta chembe za mikrobe ya TB. Lakini kwa mtu aliyetibiwa miaka ya karibuni, inaweza kuona mabaki ya mikrobe waliokufa na kusema "ipo". Kwa hiyo hata Xpert ikisema ndiyo, muganga anatakiwa kuangalia historia ya mgonjwa na picha, si karatasi tu.

Dawa ipo, lakini haichanganywi ovyo

Kinachofanya jambo hili liwe na uzito ni kwamba dawa za TB haziui kuvu, na dawa ya kuvu haiui TB. Mtu aliyetibiwa kwa ugonjwa asiokuwa nao anapoteza miezi, na kuvu inaendelea kula. Zamani ilikuwa mbaya zaidi: aliyerudi na kikohozi alipewa tiba ya miezi 8, na miezi 2 ya mwanzo sindano ya streptomisini kila siku, sindano inayoweza kuua masikio. OMS iliacha kuipendekeza tiba hiyo mwaka 2017. Wapo watu waliopitia njia hiyo, wengine pengine bila kuwa na TB yoyote.

Dawa ya kuvu inayotumika zaidi ni itrakonazoli, vidonge. OMS iliiweka kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2017. Inamezwa miezi mingi, hata ukijisikia vizuri. Katika utafiti wa India uliotoka 2022, waliomeza miezi 6, ugonjwa uliwarudia 38 kwa 100. Waliomeza miezi 12, ni 10 kwa 100 tu. Mwaka mzima wa vidonge, kwa mkaaji wa Sebele ao Kazimia anayeishi kwa ndagala na shamba la mihogo, ni mzigo mzito. Dawa za TB ni za bure kwenye CSDT, vituo vya kupima na kutibu TB. Dawa hii ya kuvu haimo kwenye mfuko huo wa TB.

Na hapa kuna onyo ambalo wenye famasi wa Baraka na Misisi wanapaswa kulisikia. Rifampisini, ile dawa ya TB inayofanya mkojo uwe mwekundu, inafukuza itrakonazoli mwilini kwa haraka sana. Kuzimeza pamoja ni karibu sawa na kutomeza dawa ya kuvu kabisa. Dawa kadhaa za VIH nazo zinagongana nayo, na mtu mwenye moyo dhaifu inaweza kumdhuru. Kwa hiyo mtu akisikia habari hii na kukimbilia vidonge vya kuvu sokoni, wakati bado yuko kwenye dawa za TB, atakuwa ameharibu pesa yake. Pengine na afya yake.

Bila tiba ugonjwa huu unaua polepole. Wataalam waliokusanya tafiti nyingi za dunia waliona kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wanakufa ndani ya miaka 5. Wengine wanakufa siku moja tu, damu ikitoka nyingi kwa mara moja.

Njia ya mgonjwa wa Fizi

Hali ya Fizi ina mambo yake. Maji ya ziwa yalipanda mwaka 2021 na tena 2024, nyumba za kando zikalowa mpaka misingi. Mei 2025 mafuriko ya usiku yaliua makumi ya watu Kasaba, sekta ya Ngandja. Wakimbizi wa Burundi wako Lusenda na Mulongwe, wakimbizi wa ndani wako kwenye familia, shule na makanisa, wengi kwenye chumba kimoja chini ya bashi. Kule Misisi wachimbaji wa dhahabu wanavuta vumbi la mawe, na vumbi hilo linajulikana kufungulia TB mlango. TB ikiwa nyingi, mashimo kwenye mapafu yanakuwa mengi.

Upande wa matunzo, Médecins Sans Frontières, iliyokuwa nguzo ya hospitali ya Baraka tangu 2003, ilipunguza sana kazi yake Fizi mwisho wa 2020 baada ya mashambulizi juu ya watu wake. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilikata msaada wake, na Februari ya mwaka huo Bukavu, fasi ya hospitali kubwa za jimbo, ikaingia mikononi mwa M23. Mgonjwa anayepewa karatasi ya kwenda kufanya skana Bukavu, anahesabu vizuizi vya njiani kabla ya kuhesabu pesa ya gari. Ndiyo maana wengine wanaangalia upande wa ziwa, boti ya kwenda Kigoma.

Kwa hiyo kudai kwamba kila kituo cha afya kiwe na kipimo cha kuvu ni ndoto, na namba za Gulu zinaonyesha kwamba si lazima. Kinacholazimika ni kidogo kuliko hapo. Picha ya kifua mwisho wa dawa za TB, kwa kila mtu aliyekuwa na TB kali ya mapafu. Anayekutwa na shimo aandikwe, aambiwe wazi, aitwe tena kila baada ya miezi kadhaa. Vipimo vya damu viwekwe fasi moja ao mbili katika teritwari, kwa mfano kwenye hospitali kuu za Baraka na Nundu, kwa ajili ya hao tu. Hapo hesabu ya masanduku ya vipimo inakuwa ndogo, hata biro ya zoni ya afya inaweza kuiandika kwenye mpango wake wa mwaka na kuipeleka kwa wafadhili bila kuchekwa.

Pingamizi inajulikana: mbona kupima, kama itrakonazoli yenyewe ni ya shida? Ni pingamizi nzito, lakini si kamili. Hata kabla ya kidonge cha kwanza, jibu sahihi linamtoa mgonjwa kwenye dawa za TB zisizomhusu, linamrudisha kwenye sahani moja na watoto wake, na linamwambia muganga kwamba damu nyingi ikitoka ni mambo ya haraka. Tena, dawa isiyoombwa hailetwi. Hospitali isiyokuwa na mgonjwa hata mmoja mwenye jina hilo kwenye daftari, itaagiza itrakonazoli kwa ajili ya nani?

Wakati mambo hayo yanangojea, aliyemaliza dawa za TB na anakohoa tena zaidi ya miezi 3 aende kwenye CSDT na vitu viwili mkononi: fishi ya matunzo yake ya zamani na picha ya kifua kama aliwahi kupigwa, hata iwe ya miaka mitano. Picha ya zamani ikiwekwa kando ya mpya, muganga anaona kama shimo linaongezeka ukuta ao kama kuna kitu kimeota ndani. TB itafutwe kwanza, siku zote. Ikikosekana mara mbili, mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Muganga, haiwezi kuwa kuvu?" Anayetema damu ya kujaza kikombe asingojee asubuhi.

Nyumbani, mtu mwenye shimo kwenye pafu asiwe ndiye anayepepeta mihogo yenye ukungu, anayebomoa paa la nyasi zilizooza ao kufagia ghala. Kazi hiyo ifanywe na mwingine, nje, kwenye upepo. Na ile mihogo ama mahindi yenye ukungu isirudishwe kwenye kinu: Kenya mwaka 2004, sumu ya ndugu mwingine wa kuvu hii kwenye mahindi iliua watu 125. Huo ni ugonjwa wa ini, si wa mapafu, lakini gunia ni lile lile.

Waliomaliza dawa za TB katika teritwari ya Fizi hawahitaji kutafutwa mlima kwa mlima. Majina yao, vijiji vyao na mwezi waliomaliza, vyote vimeandikwa kwenye madaftari ya CSDT. Kamati za afya za maeneo, zile CODESA zinazokutana na muuguzi mkuu, zinaweza kuuliza swali moja kwenye mkutano ujao: kati ya walio kwenye daftari hilo, nani bado anakohoa?